Kuchagua na Kufunga Shaba Isiyoliwa na Bahari: Mwongozo kwa Wenye Boti za Mbao wa Unguja na Pemba

Mwenye boti ya mbao yenye injini ya ndani, awe anavua nje ya Nungwi, anapeleka wageni kuona pomboo Kizimkazi au anachukua abiria na mizigo kwenye visiwa vidogo vya Pemba, ana vipande vichache tu vya metali vinavyokaa chini ya maji, lakini usalama wa kila aliyemo chomboni unavitegemea. Navyo ni shingo inayopita kwenye ubao ili kuingiza maji ya kupozea injini, vali iliyofungwa juu yake, shafti, rafadha na boliti zinazoshika usukani. Ubao ukianza kuoza, fundi huujua kwa kuugonga na kuuchoma kwa ncha ya kisu. Vali mbovu inaweza kuonekana nzima mbele ya macho ya mwenyewe na ikakatika mkononi siku anapotaka kuifunga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua shaba inayostahimili maji ya chumvi, namna ya kuitambua dukani na kwenye vyuma chakavu, na namna ya kuifunga katika chombo kilichopigiliwa misumari ya chuma, kazi inayohitaji uangalifu wa pekee hapa kwetu.

Kwanza: zijue aina za shaba

Madukani na kwa wauzaji wa vyuma chakavu karibu kila metali yenye rangi ya dhahabu au wekundu huitwa shaba, na huuzwa kwa kilo. Kwa mtu wa baharini swali la kuanza nalo ni kiasi cha zinki kilichomo. Brasi ya kawaida, ile ya koki za nyumbani na viungo vya bomba, ina shaba takriban asilimia 60 na zinki karibu asilimia 40. Zinki ikizidi kiasi cha asilimia 15 hivi, maji ya bahari huanza kuitoa ndani ya metali. Shaba hubaki peke yake ikiwa na matundu madogo mno, na kipande hudumu na umbo lake lote huku nguvu zake zimekwisha. Jihadhari zaidi na metali inayouzwa kwa jina la bronzi ya manganizi, ambayo hutumika sana katika rafadha za bei nafuu, kwa sababu ndani yake mna zinki karibu asilimia 40 na kwa hiyo ni brasi, hata kama jina lake limeitwa bronzi.

Zinazofaa chini ya maji ni nne. Ya kwanza na yenye nguvu kuliko nyingine ni bronzi ya nikeli na alumini, yenye shaba takriban asilimia 80, alumini 9 hadi 10, nikeli na chuma asilimia 4 hadi 5 kila kimoja, na manganizi kidogo. Hii ndiyo inayotengenezewa rafadha za meli kubwa duniani. Ya pili ni bronzi nyekundu, yenye shaba asilimia 85 na asilimia tano tano za stani, zinki na risasi, ambayo ni nzuri sana kwa vali na shingo. Ya tatu ni bronzi ya silikoni, ambayo ni shaba asilimia 96 hivi ikichanganywa na silikoni asilimia 3 na manganizi kidogo, nayo hutumika kwa boliti, skrubu na misumari. Ya nne ni shaba-nikeli, yenye shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10 pamoja na chuma kidogo, ambayo kazi yake ni mabomba ya maji ya bahari na mirija ya kipozeo cha injini.

Kwa boti ya mbao ya kawaida ningeshauri bronzi ya nikeli na alumini kwa rafadha, bronzi nyekundu kwa shingo na vali kwa kuwa hupatikana kwa urahisi zaidi na hutosha kabisa kwa kazi hiyo, na bronzi ya silikoni kwa boliti zote. Boliti za chuma kisichoshika kutu, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu zinang'aa, hazifai ndani ya ubao uliolowa chini ya maji. Chuma hicho hujikinga kwa kupata oksijeni, na kikizibwa ndani ya mbao yenye maji kinga hiyo huondoka na boliti hulika kwa ndani, mahali pasipoonekana.

Pili: kagua kilichopo kabla ya kununua kipya

Panga ukaguzi wakati wa bamvua, ambapo maji hupwa vya kutosha chombo kikakaa pakavu, kikategemezwa kwa gadi, na fundi akapata saa kadhaa za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Uwe na tupa ndogo, kisu, nyundo nyepesi, sumaku na tochi.

Anza na shingo na vali. Ukungu wa kijani au wa kahawia juu ya bronzi si ugonjwa. Ni utando unaoilinda, wala usiusugue. Unachotafuta ni madoa ya rangi ya waridi. Kwaruza kwa tupa sehemu ndogo, hasa kwenye meno ya skrubu na pale shingo inapotokeza nje ya ubao. Metali nzima itatoa mng'aro wa rangi moja mpaka ndani. Brasi iliyokwisha kunyonywa zinki itaonyesha tabaka jekundu la juu linalomeguka kwa ncha ya kisu, na chini yake ndipo utakapokuta manjano. Ukiona tabaka hilo, usipime unene wake ili kukadiria muda uliobaki. Kitoe kipande hicho leo. Kigonge pia kwa nyundo taratibu, kwani metali nzima hulia na iliyooza hutoa sauti butu.

Mpini wa vali uzungushwe mpaka mwisho, kufunga na kufungua. Vali ambayo haijafungwa kwa msimu mzima na imekwama haina tofauti na tundu lililo wazi.

Tatu: pima metali dukani

Rangi inadanganya. Brasi mpya, bronzi ya manganizi na bronzi ya nikeli na alumini zote zina manjano yanayokaribiana, na muuzaji mwaminifu kabisa anaweza kuwa hajui alichonacho. Kwa hiyo anza kutazama alama zilizochapwa au zilizoandikwa kwenye cheti cha bidhaa. Alama CC333G, C95800 au AB2 humaanisha bronzi ya nikeli na alumini. CC491K au LG2 ni bronzi nyekundu. C65500 ni bronzi ya silikoni. C70600 au CW352H ni shaba-nikeli. CW617N ni brasi ya kawaida, na hata ikipakwa nikeli ikang'aa kama fedha haifai chini ya maji. CW602N, ambayo mara nyingi huwa na alama DZR, ni brasi iliyotiwa aseniki kidogo ili zinki isitoke upesi. Inastahimili zaidi kuliko ndugu yake, lakini mtu mwenye uwezo wa kupata bronzi sioni kwa nini achague hiyo.

Pasipo na alama, upo upimaji ambao mtu yeyote anaweza kuufanya kwa mizani ya kidijitali ya jikoni na ndoo ndogo, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huokoa fedha nyingi. Pima kipande kikiwa kikavu na uandike uzito wake kwa gramu. Kisha weka chombo chenye maji baridi ya bomba juu ya mizani na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kiteremshe majini mpaka kizame chote, na ukishike kikiwa kinaning'inia bila kugusa chini wala pembeni. Kitikise kidogo ili mapovu yaliyojificha kwenye meno ya skrubu yatoke. Namba ambayo mizani itaonyesha sasa ni ujazo wa kipande kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Chukua mfano wa shingo yenye uzito wa gramu 912. Ikiwa mizani itasoma 120, jibu ni 7.6, na hiyo ndiyo bronzi ya nikeli na alumini, kwa kuwa alumini iliyomo huifanya kuwa nyepesi. Ikiwa mizani itasoma 109 hivi, jibu ni karibu 8.4, nayo ni brasi. Bronzi nyekundu hutoa takriban 8.8 na shaba-nikeli 8.9. Tumia maji ya bomba na si ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi na yatapotosha hesabu. Kipande kiwe cha metali moja tupu; vali iliyokwisha unganishwa, yenye tufe la chuma na pete za plastiki ndani, haipimiki hivyo. Upimaji huu pia hauwezi kutofautisha vizuri brasi na bronzi ya silikoni, ambayo uzito wake ni karibu 8.5, kwa hiyo kwa boliti tegemea alama na muuzaji unayemwamini.

Sumaku nayo ina kazi yake ndogo. Kipande kinachoivuta kwa nguvu ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Bronzi ya nikeli na alumini, kwa sababu ya chuma kilichomo, inaweza kuonyesha mvuto hafifu, na hilo lisikutie shaka.

Nne: tenganisha bronzi na misumari ya chuma

Hapa ndipo vyombo vyetu vinapotofautiana na boti za faiba. Mashua na boti zinazoundwa Nungwi, Mkokotoni au Wete hupigiliwa kwa misumari ya chuma, mara nyingi iliyopakwa zinki. Metali mbili tofauti zikikutanishwa ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na ile iliyo dhaifu kiumeme huliwa ili nyingine ipone. Kati ya chuma na bronzi, kinacholiwa ni chuma, na ubao uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme huo vya kutosha. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga vali ya bronzi ya thamani, ikadumu miaka, huku mbao zinazoizunguka zinaachia kwa sababu misumari yake imekwisha.

Somo hili lilipatikana zamani kwa gharama. Mwaka 1761 wanamaji wa Uingereza walifunika tumbo la manowari yao iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba, ili kuikinga na funza wa baharini. Ilipokaguliwa mwaka 1763 mabamba yalikuwa mazima, lakini misumari ya chuma iliyoyashika ilikuwa imelika vibaya. Pale tu ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilibaki kati ya shaba na chuma, msumari ulikutwa mzima. Karatasi nyembamba kiasi hicho ilitosha, kwa kuwa ilizuia metali mbili zisigusane.

Kwa hiyo, kabla ya kutoboa ubao, pitisha sumaku juu ya eneo lote unalolikusudia, kwa nje na kwa ndani, na utie alama ya chaki kila mahali inapovutwa. Misumari iliyofukiwa chini ya rangi na kalafati itajulikana yote. Chagua mahali ambapo ukingo wa shingo utakuwa mbali na msumari wowote kwa angalau upana wa kiganja. Ikiwa haiwezekani kwa sababu ya nafasi ya taruma (mbavu za chombo), ng'oa msumari ulio karibu na mahali pake utie boliti ya bronzi ya silikoni. Kamwe usipigilie msumari wa chuma kupitia ukingo wa kifaa cha bronzi, hata kama ni wa muda.

Tano: funga

Andaa kipande cha mvule au msaji chenye unene usiopungua wa ubao wa chombo, kitakachokaa upande wa ndani ili kubeba nguvu ya vali. Toboa tundu kwa keekee yenye ncha mpya, kutoka nje kwenda ndani, na usimamishe kabla ubao haujapasuka upande wa pili, kisha umalizie kutoka ndani. Ubao mbichi uliojitokeza ndani ya tundu upakwe rangi ya kwanza mara mbili na uachwe ukauke. Hatua hii hurukwa mara nyingi na ndiyo inayozuia maji kuingia kwenye nyuzi za mbao. Paka gundi ya mpira ya baharini chini ya ukingo wa shingo na kwenye kipande cha ndani, kaza nati mpaka gundi ianze kujitokeza kuzunguka, halafu iache ikauke kabla ya kumaliza kuikaza.

Angalia meno ya skrubu. Shingo huwa na meno yaliyonyooka, na vali nyingi za madukani zina meno yanayopungua upana kuelekea ndani; zikiunganishwa, vali hushika mizunguko michache tu na kusimama, na fundi hudhani imekaza. Pigo moja la mguu linaweza kuing'oa. Nunua shingo na vali za aina moja ya meno, na uhesabu mizunguko kwa mkono bila gundi kabla ya kufunga. Mpira unaotoka kwenye vali ufungwe kwa klipu mbili.

Anayetumia bomba la shaba-nikeli badala ya mpira azingatie kasi ya maji. Maji yakienda mbio mno hukwangua utando wa kinga na kulila bomba kwenye kona. Kwa bomba kubwa la milimita 100 na zaidi kiwango kinachokubalika ni takriban mita 3.5 kwa sekunde, na mabomba madogo yanahitaji kasi ndogo zaidi. Epuka kona kali na bomba jembamba kuliko lile lililopendekezwa na mtengenezaji wa injini.

Sita: zinki ya kinga, na umeme wa betri

Mwaka 1824 mkemia Humphry Davy alionyesha kwamba kipande kidogo cha zinki au cha chuma kikigusishwa na shaba ndani ya maji ya bahari huizuia shaba isilike, kwa kuwa chenyewe ndicho huliwa. Zinki tunazofunga kwenye shafti leo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ifunge juu ya metali safi iliyosuguliwa kwa msasa, usiipake rangi hata kidogo, na uibadilishe ikibaki nusu. Zinki ya kuyeyusha kutoka kwenye mabaki haifai, kwa sababu chuma kinachoruhusiwa ndani ya zinki ya kinga hakizidi asilimia 0.005, kikizidi, uso wake hujifunika utando na kazi yake husimama ingawa inaonekana ipo.

Hata hivyo, katika chombo cha mbao zinki nyingi ni madhara. Umeme wake hutengeneza magadi kuzunguka kifaa cha bronzi, na magadi hayo hula ubao: utaona unga mweupe kandokando ya nati, na ukichokoa, ubao umelainika na kuwa nyuzinyuzi kama makumbi yaliyolowekwa. Kwa hiyo shafti na rafadha zipate zinki yake, lakini vali ya bronzi iliyokaa peke yake ndani ya ubao, isiyogusana na metali nyingine, iachwe bila kuunganishwa nayo kwa waya.

Hakuna aina ya shaba inayoweza kuhimili umeme unaovuja kutoka kwenye betri. Waya wa pampu ya kutolea maji chomboni uliochubuka na kulala kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, unaweza kula bronzi nzuri kwa muda wa siku chache. Zima swichi zote, toa waya wa chanya kwenye betri, na uweke mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo kikubwa cha ampea, kati ya ncha ya betri na waya huo. Kama hakuna kifaa ulichokiacha wazi kwa makusudi, mita isome sifuri. Isiposoma sifuri, toa fyuzi moja moja mpaka uupate waya unaovuja.

Saba: wiki za mwanzo majini

Bronzi ya nikeli na alumini na shaba-nikeli hazizaliwi na kinga. Huijenga zenyewe kwa kugusana na maji safi ya bahari yenye oksijeni. Maji yetu yenye joto huusaidia utando huo kuanza upesi, ingawa kukomaa kwake huchukua wiki kadhaa. Katika kipindi hicho adui mkubwa ni gesi inayonuka kama yai viza, ambayo hutoka kwenye tope la mikoko, maji machafu ya bandari na ngama yenye mabaki ya samaki. Ikiingia kabla utando haujakamilika, hujenga tabaka jeusi lisiloshika, na metali hulika kwa vishimo.

Kwa mwenye chombo maana yake ni hii: baada ya kufunga kifaa kipya, usikilaze chombo kwenye vijito vya mikoko vya Pemba wala kwenye tope la Chwaka kwa wiki za kwanza. Kitie nanga kwenye maji ya wazi yanayotembea, washa injini kila siku ili maji yaliyomo ndani ya bomba yabadilike, na usiyaache yakiwa yamesimama. Ngama ioshwe kwa maji safi kila baada ya kuvua. Rafadha mpya isisuguliwe kwa brashi ya waya. Magugu yakiota, tumia kibao au mpapuro wa plastiki.

Nane: rafadha iliyopinda

Rafadha ya bronzi ya nikeli na alumini iliyogonga mwamba isipelekwe kwa fundi yeyote mwenye gesi. Sehemu iliyochomelewa hubadilika ndani na huwa ya kwanza kulika, na kanuni za wanamaji hutaka ipashwe tena joto la nyuzi 675 za Selsiasi kwa muda wa saa 6 ili irudi hali yake, jambo lisilowezekana kwenye karakana ya pwani. Mkunjo mdogo wa ukingo unyooshwe na mtu anayeijua metali hiyo. Jani lililopasuka, badilisha rafadha.

Siku ya kushusha chombo, mtu mmoja abaki ndani wakati maji yanapojaa, vali ikiwa imefungwa, na akaushe kwa kitambaa kuzunguka kila shingo ili unyevu mpya uonekane mara moja. Ubao mkavu utavuja kidogo mpaka ufure, lakini maji yanayotoka kwenye meno ya skrubu hayatakoma yenyewe, na chombo kirudishwe juu kabla bamvua haijapita. Kando ya kila vali pafungwe kwa kamba kigingi cha mbao laini kilichochongwa kwa kipimo cha shingo ile, cha kuziba tundu vali ikikatika, kwa kimo ambacho mkono utakifikia gizani.